Maswali ya Wasomaji: Kuomba Saini za Wachezaji Wastaafu wa Besiboli kwa Njia ya Posta

Miezi miwili iliyopita tulijibu katika ukurasa huu swali moja fupi kuhusu kadi za wachezaji wa besiboli, yaani vile vikadi vyenye picha ya mchezaji mbele na hesabu za michezo yake nyuma, na hatukudhani kwamba jibu lile lingezaa barua zaidi ya moja au mbili. Zimekuja nyingi, na karibu zote zimetoka Lamu na Malindi, katika nyumba ambazo baba, mjomba au kaka alipata kufanya kazi melini au ughaibuni, akarudi na kadi hizo ndani ya mizigo yake. Kwa kuwa nilikaa nyuma ya dirisha la posta miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa kuwa nimewaandikia wachezaji wastaafu wa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, mhariri ameniachia ukurasa wote wa mwezi huu. Barua za wasomaji nimezifupisha, ila maana yake sikuigusa.

Assalam alaikum. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, mkaazi wa Langoni, Lamu. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na meli zake zilitia nanga mara nyingi katika bandari za Marekani. Alipofariki tulikuta ndani ya kasha lake kadi zipatazo mia tatu za wachezaji wa besiboli, nyingi za mwaka 1987, zenye ukingo uliochorwa mfano wa ubao. Nilisikia kwamba watu huwapelekea wachezaji wastaafu kadi zao kwa posta, nao huzitia saini na kuzirudisha. Mwaka jana nilijaribu mara tatu. Kila mara nilitia barua, kadi, na bahasha yenye anwani yangu niliyoibandika stempu za Kenya, na mpaka leo sijapata jibu hata moja. Je, wazee hawa hawapendi kuwajibu watu wa Afrika, au liko kosa nililofanya?

Waalaikum salaam, mwanangu, na Mola amrehemu mjomba wako. Ondoa moyoni dhana ya kwamba wazee hawa wanakubagua. Kosa limo katika zile stempu za Kenya, na ni kosa ambalo nami nililifanya katika barua zangu nne za mwanzo, ilhali kazi yangu ilikuwa barua na nilipaswa kulijua.

Stempu ni risiti ya nauli, na nauli hulipwa pale safari inapoanzia. Mkataba uliotiwa saini mjini Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, ambao ndio uliozaa Umoja wa Posta Duniani, ulizifanya nchi zikubali kubebeana barua, lakini haukuifanya stempu ya nchi moja ikubalike katika posta ya nchi nyingine. Barua yako ilipoondoka Lamu, ikavuka kwa boti hadi Mokowe na kushika njia ya Nairobi, nauli yake ilikuwa imelipwa mpaka mlangoni kwa mzee. Bahasha ya kurudia, hata hivyo, inaanza safari yake Marekani, na karani wa kule akiiona ina stempu ya Kenya huihesabu kuwa haikulipiwa. Yamkini mmoja kati ya wazee wako watatu alitia saini, akaifunga bahasha, akaitumbukiza katika sanduku la barua kwa moyo mweupe, nayo ikaishia hapo.

Zamani ilikuwapo kuponi ya kimataifa ya kujibia barua, iliyobuniwa katika mkutano wa posta uliofanyika Rome mwaka 1906 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Uliinunua kwenu, ukaitia ndani ya barua, na mpokeaji akaibadilisha kwa stempu za nchi yake. Posta ya Marekani iliacha kuuza kuponi hizo Januari 2013, na hata msomaji akizipata kwingineko simshauri azitumie, kwa sababu zinamtaka mzee wa miaka sabini na zaidi avae viatu, aende posta, apange foleni, kisha amweleze karani kijana karatasi ambayo huenda karani mwenyewe hajapata kuiona. Mwenye kuomba hamtwishi kazi anayemwomba.

Njia nyepesi ni stempu ya mviringo iitwayo Global Forever, ambayo posta ya Marekani iliitoa mwezi ule ule wa Januari 2013. Stempu moja inatosha kupeleka barua ya kawaida isiyozidi aunsi moja, yaani gramu 28, katika nchi yoyote duniani, na bei ikipanda, ile uliyoinunua kabla huendelea kutumika bila kuongezewa kitu. Usiichanganye na stempu ya Forever ya kawaida, ambayo ni ya barua za ndani ya Marekani na peke yake haiwezi kuifikisha bahasha Lamu. Mwombe ndugu au rafiki aliye huko akununulie kumi, ampe mtu anayekuja likizo, maana hazina uzito wala hazichukui nafasi. Mimi huletewa na mpwa wangu, naye hurudi na kopo la halua.

Gramu 28 zinatosha ukijua kupima. Karatasi moja ya A4 ina gramu 5, kadi moja haifiki gramu 2, na bahasha nyepesi haizidi sana uzito wa ile karatasi. Kinachoharibu hesabu ni yale makasha magumu ya plastiki ya kuhifadhia kadi, ambayo huongeza uzito na pia huifanya bahasha iwe ngumu isiyopinda, na bahasha ya namna hiyo hukwama katika mashine za kupangia barua. Kata vipande viwili vya boksi jembamba, kama lile la majani ya chai, uilaze kadi katikati, na huyo mzee atavitumia vipande hivyo hivyo wakati wa kurudisha. Bahasha ya kurudia ikunje mara moja tu. Mwisho wa anwani yako andika KENYA kwa herufi kubwa, katika mstari wake wenyewe, kwa kuwa mpanga barua wa kule hatafuti Lamu wala 80500. Anachotafuta ni jina la nchi.

Sasa nije kwenye barua yenyewe, ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya jambo hili. Barua ya namna hii ni mgeni anayepiga hodi nyumbani kwa mtu asiyemjua. Nimeonyeshwa barua za vijana wengi ambazo zina mstari mmoja usemao: wewe ni mchezaji ninayempenda kuliko wote, naomba unitilie saini kadi hizi sita. Mzee anayeisoma anajua kwamba maneno hayo yamekwisha kuandikwa kwa wenzake hamsini. Kadi sita nazo zinamwambia kwamba mwombaji ana nia ya kuuza. Tuma moja, na zikizidi ziwe mbili, ukimwambia kwamba ya pili ni yake akipenda kubaki nayo.

Kabla hujaandika, igeuze kadi uisome mgongo wake. Watu hutazama picha tu, na mgongoni ndiko kwenye maisha ya mtu. Utakuta jedwali la miaka, mstari kwa mstari, na kwa mchezaji ambaye hakukaa sana katika ligi kuu utaona pia majina ya miji midogo aliyochezea kwanza, kama Toledo, Durham au Pawtucket, pamoja na hesabu ya michezo, ya mapigo yaliyofanikiwa na ya yale mapigo makubwa yanayompa mpigaji nafasi ya kuvizunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani. Ukiona mwaka ambao hesabu yake ni ndogo sana kuliko ya miaka mingine, tambua kwamba hapo pana kisa, labda maradhi, labda goti, labda alirudishwa ligi ya chini akaanza upya. Muulize hapo. Mtu akiulizwa jambo ambalo halijaulizwa na mwingine kwa miaka thelathini, hujibu.

Andika kwa Kiingereza chepesi, kwa mkono, kwa mwandiko unaosomeka, na maana yake iwe kama hivi: «Bwana mheshimiwa, jina langu ni fulani, nami naishi Lamu, kisiwa cha Kenya ambacho watu wake hutembea kwa miguu na mizigo hubebwa na punda. Kadi yako niliikuta katika kasha la mjomba wangu, aliyekuwa baharia, na ambaye hayupo tena. Nyuma yake nimesoma kwamba ulicheza miaka minne katika miji midogo kabla ya kuitwa katika ligi kuu. Ningependa kujua ulikuwa wapi siku ulipopata habari hiyo. Ukiona vyema, naomba uitie kadi hii saini, ukiandika pia jina langu. Nimetia bahasha yenye stempu ya nchi yako. Kama haikuwezekana, nakushukuru kwa kuisoma barua hii.» Hiyo inatosha. Sentensi kuhusu punda usiiache, kwa maana mzee huyo hajawahi kupata barua kama hiyo. Nalo ombi la kuandikiwa jina lako linamhakikishia kwamba kadi haiendi sokoni.

Juu ya nani wa kumwandikia, achana kwanza na majina makubwa. Hao hupokea barua kwa magunia, na wengi wao hutoza ada. Mtafute katika kasha la mjomba wako mtu aliyecheza misimu miwili au mitatu, ambaye majirani zake wa leo huenda hawajui kwamba alipata kusimama uwanjani mbele ya maelfu ya watu. Mimi majibu yangu marefu kuliko yote yametoka kwa watu wa aina hiyo. Anwani zao wakusanyaji huzijua na hupeana. Ukipewa, ichukue kuwa ni amana, uitumie kwa barua peke yake, wala usiibandike mahali ambapo kila mpita njia ataisoma.

Kuhusu thamani ya kadi zako, usiwe na hofu ya kuzituma. Mfululizo wa 1987 wa Topps, kampuni ya Marekani inayochapa kadi hizi, una kadi 792, na miaka ile zilichapishwa kwa wingi usio na kifani, hivyo nyingi ni za bei ndogo sana. Kinyume chake ni kadi za Topps za mwaka 1952. Sy Berger, mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyeshiriki kuzibuni, alisimulia kwamba masanduku yaliyokosa wanunuzi yalipakiwa katika mashua mwaka 1960 na kumwagwa baharini, katika Atlantiki. Kadi ya Mickey Mantle, mchezaji mashuhuri wa New York Yankees, ya mfululizo huo, namba 311, iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Kadi iliyo adimu haitumwi kwa posta kutafutiwa saini, iwe ya nani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Malindi. Nilipata majibu mawili, nami nilifurahi mno, lakini katika kadi moja ya kampuni ya Upper Deck ya mwaka 1989 wino umejikusanya matone matone kama mafuta juu ya maji, na nilipoigusa ukatoka na kidole. Ile nyingine, ya Topps, saini yake ni safi. Tofauti imetoka wapi?

Mwalimu, pole kwa hasara hiyo. Kadi za Upper Deck zilipoanza kutoka mwaka huo wa 1989 zilisifiwa kwa karatasi yake nzuri inayong'aa, na mng'ao huo huo ndio uliokuharibia saini. Uso wake umepakwa kitu kinachozuia majimaji kupenya, kwa hiyo wino haupati pa kushika na hujikunyata. Kadi za zamani za Topps, pamoja na zile za 1987, uso wake ni mkavu, na wino huingia kama uingiavyo katika karatasi ya daftari.

Dawa yake ni rahisi. Chukua poda ya mtoto, kidogo tu, uinyunyize juu ya kadi, kisha uisugue taratibu kwa kitambaa laini cha pamba, kwa mizunguko, mpaka uone mng'ao umefifia sehemu unayotaka saini ikae. Pangusa poda yote iondoke, kwa kuwa punje zikibaki huziba ncha ya kalamu. Wengine hutumia kifutio cheupe cha penseli, nacho hufaa ukiwa na mkono mwepesi. Jaribu kwanza juu ya kadi usiyoijali. Ikamilishe kazi hii kabla ya kutuma, kwa sababu huwezi kumwomba mzee akufanyie.

Kalamu nayo ina sehemu yake. Wakusanyaji wengi hupendelea kalamu ya wino usiofutika iitwayo Sharpie, ya buluu, kwa kuwa wino wake hushika juu ya kadi na rangi yake huonekana hata penye picha nyeusi, ambapo wino mweusi humezwa. Kalamu ya kawaida ya kuandikia huacha mfereji katika kadi na wino wake huruka ruka. Si lazima uitume kalamu, kwa kuwa wengi wao wanayo mezani, na ukiitia ndani ya bahasha huvimba na kukupandishia uzito. Penye kadi yenye picha ya giza, chagua kadi nyingine ya mchezaji huyo huyo yenye anga au sare nyeupe, ili saini ipate uwanja wake.

Harmon Killebrew, aliyepiga mapigo 573 ya kuzunguka vituo vyote na kuingizwa mwaka 1984 katika Jumba la Heshima la besiboli lililoko Cooperstown, jimbo la New York, hakuvumilia saini isiyosomeka. Torii Hunter, aliyeichezea Minnesota Twins miaka mingi baada yake, amesimulia jinsi mzee huyo alivyomkanya alipoiona saini yake ya mikwaruzo, akimtaka aandike kwa namna ambayo mtoto ataisoma na kujua ni ya nani. Killebrew alifariki mwaka 2011, na saini zake hadi leo unazisoma herufi kwa herufi. Nikizitazama huwakumbuka mafundi wa khati wa hapa kwetu, wa Lamu, Siyu na Pate, walionakili misahafu kwa kalamu ya mwanzi. Mtu aliyelelewa na mwandiko wa aina hiyo haoni ajabu kwamba mwingine, upande wa pili wa bahari, anahifadhi jina la mtu lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Rafiki yangu wa Shela ana kadi ya mwaka 1975 ambayo tayari ina saini juu ya picha, na mtu wa mjini ametaka kuinunua. Tutajuaje kama saini ni ya kweli?

Ndugu yangu, mwambie rafiki yako asipokee pesa za mtu bado. Kadi za mchezaji mmoja mmoja za Topps za mwaka 1975, zile zenye ukingo wa rangi mbili kali, zilitoka kiwandani zikiwa na mfano wa saini ya mchezaji uliochapwa pamoja na picha. Kampuni hiyo ilifanya hivyo katika miaka kadhaa, na 1982 ni mmojawapo.

Itafute lenzi ya kukuzia, hata ile ya fundi wa saa, uisogeze kadi dirishani. Saini iliyochapwa ni sehemu ya kadi, na mng'ao wa uso hupita juu yake bila kukatika. Wino wa kalamu umekaa juu ya uso wa kadi: ukiilaza kadi ubavu, mwanga unauonyesha ukiwa na mng'ao wake peke yake, na pale mstari mmoja unapokatiza mwingine utaona giza limezidi, kwa kuwa wino umepita mara mbili. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja, hutaisahau.

Ipo pia saini iliyoandikwa kwa wino wa kweli na mkono usio wake. Iko mashine inayoshika kalamu na kurudia saini ile ile bila kuchoka, nayo hutambulika ukizilinganisha saini mbili ukazikuta zinalingana kila ncha, jambo ambalo mkono wa binadamu haufanyi. Wako pia wahudumu wa vyumba vya wachezaji ambao zamani waliwatilia saini mabwana zao ili kuwapunguzia kazi. Na wako waghushi. Katika miaka ya 1990 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha msako ulioitwa Operation Bullpen, uliofichua genge la kughushi saini katika jimbo la California, na Tony Gwynn, mpigaji mashuhuri wa San Diego Padres, alikuwa miongoni mwa waliowastua wapelelezi baada ya kukuta vitu vyenye saini yake ya uongo vikiuzwa katika duka la timu yake mwenyewe. Baada ya hapo, mwaka 2001, ligi kuu ilianzisha utaratibu wake wa kuthibitisha saini, pamoja na kibandiko maalumu cha alama.

Ndiyo maana nawahimiza wanaoandika kwa posta waihifadhi bahasha iliyorudi pamoja na kadi. Muhuri wa posta una mji na tarehe, na mwandiko wa barua ya mzee, akikuandikia, unalingana na saini yake. Ushahidi huo hauuzwi dukani.

Je, nimtumie mchezaji pesa pamoja na barua? Msomaji, Watamu.

Hapana, isipokuwa imejulikana kwamba mhusika anataka ada au mchango. Wako wanaotaka dola chache kwa ajili ya hospitali au taasisi ya hisani wanayoisaidia, na hilo ni jema, ila lithibitishe kwanza kwa wakusanyaji waliojibiwa karibuni. Noti ndani ya bahasha ya ng'ambo ni mtihani kwa kila mkono itakaopitia.

Nyumba yetu iko Mkomani, ni ya mawe, ya zamani. Kadi zangu zilizotiwa saini nilizipanga katika kabati la ukutani, na baada ya masika nimekuta zimepinda na mbili zimegandana. Nizihifadhi vipi? Mama wa watoto watatu, Lamu.

Bi mkubwa, nyumba yako ni nzuri na ndiyo iliyokutenda. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini na hewani, kisha huyatoa polepole, na kabati lililochongwa ndani ya ukuta hubaki na unyevu hata siku ambazo barabara imekauka. Kadi ni matabaka ya karatasi yaliyobandikwa, na upande mmoja ukinywa kuliko mwingine, hupinda.

Zihamishie chumba cha juu, mbali na ukuta wa nje, katika kisanduku chenye kifuniko kinachobana. Kila kadi iwe na mfuko wake mwembamba wa plastiki iitwayo polipropilini. Epuka zile plastiki laini zenye harufu kali, za aina ya PVC, ambazo baada ya muda hutoa mafuta na kuunyonya wino. Ndani ya kisanduku tia vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyowekwa katika maboksi ya viatu vipya, nawe uvibadilishe kabla ya masika. Siku kavu za kaskazi, asubuhi, kifungue kisanduku kivulini kwa saa moja kipate hewa. Jua usilikaribishe. Wino wa buluu uliokaa mwaka mmoja mbele ya dirisha huwa kama kivuli, na hakuna ajuaye kuurudisha. Ukitaka kuwaonyesha wageni, tundika picha ya kadi ukutani na kadi yenyewe ibaki gizani.

Zile mbili zilizogandana usizibandue kwa nguvu wala kwa mvuke. Ziache katika kisanduku kikavu kwa wiki kadhaa, kisha ujaribu kupitisha uzi wa hariri katikati yake, ukianzia pembeni. Kama saini ziko upande wa ndani, sitakuficha: huenda moja itaumia.

Nilimwandikia mzee mmoja miezi kumi na minne iliyopita. Nimwandikie tena nimkumbushe? Msomaji, Malindi.

Usimkumbushe, ndugu yangu. Jibu huchukua wiki sita, huchukua mwaka, na mimi niliwahi kupata kadi baada ya miaka mitatu, ikiwa na maneno mafupi ya kuomba radhi kwamba barua yangu ilikuwa chini ya rundo wakati mkewe akiugua. Barua ya pili yenye lawama ingemfikia katika siku zile zile.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote wa umri huo, tafuta kwanza habari zake, ujue kama yuko hai. Jambo hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilimwandikia mchezaji niliyemjua kupitia kadi ya 1987, na bahasha ikarudi na kadi isiyo na saini, pamoja na karatasi iliyoandikwa na mjane wake, kwamba alimzika mumewe siku kumi na moja kabla barua yangu haijafika. Alinishukuru kwa kumkumbuka. Hakuwa na wajibu wowote wa kunijibu wiki ile, na stempu niliyoitia mimi ndiyo iliyomtaabisha. Siku hizi habari za msiba wa mchezaji hutangazwa upesi, na dakika tano za kuzitafuta kabla ya kufunga bahasha humwepushia mtu mwingine karatasi kama ile.

Na siku kadi itakaporudi, hata kama saini imeandikwa upande usiopenda au wino umekwaruza, mwandikie mzee barua ya shukrani wiki hiyo hiyo. Mtumie postikadi ya Malindi, yenye bahari au nguzo ya Vasco da Gama, umwambie siku kadi ilipofika na ni nani nyumbani uliyemwonyesha. Safari hii usitie bahasha ya kurudia.